Beleshi na Aliyemo Shimoni

Wageni wanaofika nyumbani kwangu tangu nistaafu huniuliza habari za beleshi linalosimama nyuma ya mlango wa stoo. Si la aina ya madukani kwetu. Bapa lake ni jembamba na refu, tena linapungua upana kadiri linavyoelekea kwenye ncha, na mpini wake umekuwa mweusi kwa jasho na mafuta. Huwajibu kwa mkato kwamba nililipata Uingereza. Leo, kwa kuwa miaka yangu imevuka sabini na kumbukumbu zimeanza kuniaga moja moja, afadhali nieleze kwa kirefu.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu wa miaka 34. Ualimu nilisomea Mpwapwa, na mwaka ule nilipelekwa Uingereza kwa mafunzo ya mwaka mmoja. Nilipanga chumba katika kijiji kimoja cha Suffolk, kwa mzee mjane aliyekuwa kibarua wa mashambani tangu ujana wake. Nilimwita Mzee baada ya kumweleza kwamba kwetu neno hilo ni la heshima. Yeye naye akataka kujua kwetu naitwaje kazini, na tangu siku hiyo akaniita Mwalimu, ingawa ulimi ulimsumbua.

Kila Jumamosi ya majira ya baridi, majani yakishakufa na mashimo kuonekana, Mzee alikwenda kuwinda sungura kwa fereti. Msomaji asifikirie sungura wa hadithi zetu, yule anayelala juu ya nyasi. Sungura wa kule huchimba mashimo yenye njia nyingi chini kwa chini, na huharibu ngano changa vibaya sana. Fereti ni mnyama mdogo wa kufugwa, wa ukoo wa kicheche. Majike wengi hawafiki hata kilo moja. Mwindaji huziba matundu kwa nyavu, kisha humwingiza fereti shimoni. Sungura akimsikia adui hutimua mbio na kunasa wavuni. Kazi hii ni ya zamani mno. Strabo, Mgiriki aliyeandika jiografia yapata miaka 2,000 iliyopita, ametaja wanyama wa namna hiyo kutoka Libya, yaani Afrika ya Kaskazini, wakiingizwa mashimoni huko Hispania. Nilipomweleza Mzee alicheka, akasema kumbe nimekuja kuangalia mali yetu.

Beleshi lina kazi gani katika mambo hayo? Mara nyingi halina kazi. Lakini pengine fereti humuua sungura huko huko ndani, akala, akalala. Au hukwama nyuma ya sungura aliyeziba njia. Hapo hana budi kuchimbuliwa. Kwa hiyo beleshi hubebwa siku kumi bure, na siku ya kumi na moja uhai wa mnyama hutegemea chuma hicho.

Mimi hilo sikulijua. Mgongo wa Mzee ulikuwa ukimsumbua wiki ile, nami nikajitolea kuchimba. Nilikwenda mjini nikanunua beleshi jipya la bei nafuu, maana posho yangu ilikuwa ndogo na nyumbani walikuwa wakinitazamia. Liling'aa kwa rangi nyekundu. Mzee aliligeuza mara moja tu, akasema, "Mwalimu, umenunua rangi." Nilimsihi aliache lake zito nyumbani. Akaliacha, nadhani kwa kunistahi.

Alasiri jike aliingia shimoni asitoke. Tulingoja hadi baridi ikatupenya. Mzee akamtuma dume aliyefungwa kamba yenye fundo kila baada ya yadi moja, ili amfuate mwenzake na kutuonyesha umbali. Mafundo matano yakaingia, kamba ikasimama. Mzee akapima juu ya ardhi, akalaza sikio kwenye udongo, akasema, "Hapa."

Nikaanza kuchimba. Udongo wa mfinyanzi wa Suffolk hushika chuma kama deni. Nilipofika kina cha mapaja nilikuta mzizi, nikausukuma mpini chini ili kuinua bonge. Shingo ya beleshi ikapinda kama kijiko, kisha ikakatika. Nikabaki nimeshika mti, na bapa limezama mle chini. Jua lilikuwa linatua, sakitu imeanza kushika majani, na wanyama wawili walikuwa ndani kwa amri yetu.

Mzee hakunilaumu hata kwa neno moja. Alikaa pale kwenye shimo, kwa kuwa hakutaka fereti watoke wakakosa mtu, nami nikakimbia kijijini kulichukua beleshi lake. Tulimaliza kwa mwanga wa tochi. Kipande cha mwisho alishuka mwenyewe, mgongo ule ule, akakwangua udongo kwa vidole ili asiwajeruhi. Kamba ya dume ilikuwa imenasa kwenye mzizi. Jike alikuwa amejikunja kando ya sungura mfu. Wote wawili wazima. Mzee akawatia kifuani ndani ya koti, na njia nzima hakusema lolote.

Kesho yake alinipa somo, nami nalitoa hapa kama nilivyolipokea. Kwanza, tazama shingo kabla ya bapa, kwa sababu huko ndiko mabeleshi hufia. Bapa na shingo viwe chuma kimoja kilichofuliwa, si bati lililokunjwa kuuzunguka mpini. Lililo bora huwa na ndimi mbili za chuma zinazopanda mbele na nyuma ya mpini na kushikwa kwa ribiti. Pili, soma mti. Kule hutumia mti uitwao ash, ambao hupinda kidogo bila kuvunjika. Nyuzi zake ziende sambamba kutoka juu hadi chini, pasiwe na jicho la tawi. Tatu, bapa liwe jembamba, likate mizizi na kuteremka haraka, kwani huchimbi kisima, unamfuata kiumbe. Nne, mabega ya bapa yawe mapana kidogo mahali pa kukanyagia, la sivyo soli ya kiatu italipa. Tano, likishakuwa lako, lifute, linoe kwa tupa, upake mpini mafuta ya kitani. Nasikia siku hizi miti ya ash ya Uingereza inakufa kwa ugonjwa uliogunduliwa kule mwaka 2012. Mzee hakuishi kuyaona hayo. Siku ya kuondoka kwangu alinipa beleshi lake.

Nilirudi nikawa mwalimu mkuu. Mwaka 1986 kamati ya shule ilipata fedha za majembe, na mfanyabiashara mmoja akatuahidi majembe 60 kwa bei ya kutupa. Niliyakagua shingo, nikakataa, nikanunua 35 mazuri. Walimu wenzangu walinung'unika kwamba watoto watapokezana. Walipokezana kweli, lakini nilipohamishwa mwaka 1994 mengi ya majembe yale yalikuwa bado yanalima.

Ningependa kuishia hapo, kwa kuwa hapo nilishinda. Lakini kuna jambo jingine. Mwaka 1989 mwanafunzi mmoja tu wa shule yetu alichaguliwa kwenda sekondari ya serikali, mbali, siku mbili za safari. Tulimpigia makofi mstarini. Sifa ilikuwa ya shule na, nikiri, ilikuwa yangu. Baada ya miezi michache nikasikia amekwama: baba amefariki, nauli hakuna, ada haijalipwa. Niliandika barua moja kwenda shule ile. Haikujibiwa. Nikajiambia nimetimiza wajibu. Barua ile ndiyo iliyokuwa beleshi langu jekundu. Ilikatika kwenye mzizi wa kwanza, na safari hii sikukimbia kwenda kutafuta jingine.

Mwaka 1997 nilimkuta stendi ya mabasi akibeba mizigo. Alinitambua kabla sijamtambua. "Shikamoo, Mwalimu." Alinibebea sanduku hadi kwenye gari na akakataa katakata kupokea fedha.

Ndiyo maana mtu akiniuliza namna ya kuchagua beleshi, siku hizi sianzi na chuma wala mti. Namwuliza kwanza ni nani atakayekuwa chini siku atakapolihitaji. Akishalijibu hilo, habari ya bei haimsumbui sana. Hapa kwetu sina fereti wala mashimo ya sungura, lakini kila mwaka mvua zikikaribia nalitoa beleshi la Mzee, nalinoa, na kuupaka mpini mafuta.