Kitanda cha Kupanda na Kushuka

Sikuwahi kudhani, nilipokuwa kijana wa Malindi ya Unguja, katika nyumba ambayo ukumbi wake pekee uliweza kulaza jamaa waliotoka Pemba kwa harusi na bado ukabakisha nafasi ya wapishi kupita, kwamba ingenijia siku ya kupima mahali pa kulala kwa inchi, na kuzigombania inchi hizo na mke wangu, na mwishowe kuzitafuta si sakafuni bali hewani. Lakini riziki ina njia zake, na yangu ilinipeleka Goshen, katika jimbo la Indiana, huko Marekani, ambako mji wa jirani, Elkhart, pamoja na vitongoji vyake, umejulikana tangu miaka ya 1930 kwa kuunda nyumba za magurudumu zinazokokotwa na magari. Nami nilikula mshahara wa kazi hiyo kwa muda mrefu, nikifunga makabati na vitanda katika kiwanda kimojawapo, pasina kupata wala, nikisema kweli, kutamani kukinunua chombo chochote katika vile nilivyoviunda kwa mikono yangu.

Sikuvitamani kwa sababu kila nyumba katika hizo ilikuwa imekwisha kuamuliwa na mtu asiyenijua: hapa utalala, hapa utakula nawe umekaa kitini, hapa utasimama upike, na sakafu iliyosalia ni ujia tu wa kupitia. Sisi haja yetu ilikuwa nyingine. Tulipenda, wakati wa kiangazi, kwenda kulala kando ya Ziwa Michigan, ambalo upana wake humghilibu mtu wa pwani hata akasahau kwamba maji yale hayana chumvi wala kupwa na kujaa kwa kutajika. Na huko tulitaka pahala pakavu pa kutandika mkeka tukala, na pa kutandika msala tukasali, mvua ikinyesha au isinyeshe. Basi nikanunua trela la mizigo, tupu kama sanduku, lenye ekseli moja, upana wake futi 6 na urefu wake futi 12, na kimo cha ndani futi 6 na nusu, lililoruhusiwa kisheria kufikia uzito wa ratli 2,990 likiwa na kila kilichomo.

Marehemu baba yangu alikuwa seremala wa vitanda, na sisi wanawe tulikua katikati ya matendegu, mifumbati na vitakizo vilivyoegemezwa ukutani vikingoja kuunganishwa, na jioni ilikuwa kazi yetu kumsaidia kuwamba, huyu akivuta kamba na yule akiishikiza kwa mguu hadi ikalia. Kwa hiyo kitanda cha kwanza nilichokiunda ndani ya trela kilikuwa kitanda khasa, kwa maana aliyoifahamu baba: kina miguu minne ya mti mgumu, kimekazwa sakafuni kwa parafujo, na mvunguni mwake pana wasaa wa maji, jiko na mashuka. Kilikuwa madhubuti, na kilikuwa kizuri. Lakini godoro la inchi 54 kwa inchi 75 ni kitu kikubwa mno ndani ya sanduku lile, na siku ya mvua ya mfululizo, tulipokuwa tumejifungia humo tangu alfajiri, mke wangu akila juu ya kitanda, akisoma juu ya kitanda, akikunja nguo juu ya kitanda, alinitazama akasema, “Bwana, kitanda hiki ndiye mwenye nyumba, sisi wapangaji tu.” Na suala la sala lilikuwa zito zaidi, kwani katika nchi zile kibla huelekea kaskazini-mashariki, na ukanda wa sakafu uliobaki ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ilinibidi kuliegesha trela lote kufuata kibla ndipo mtu aweze kusujudu bila ya kugonga paji la uso kwenye tendegu, na walinzi wa viwanja vya kambi, ambao hupenda matrela yakae yote mshazari mmoja, hawakuwa na subira na hoja zangu.

Kitanda cha pili kilifuata rai ya William Lawrence Murphy, yule mtu wa San Francisco ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alitia bawaba chini ya kitanda chake ili mchana kisimame ukutani. Sitakieleza kwa kirefu, kwa kuwa hakikudumu. Kitanda cha namna hii hufaa nyumba isiyotembea. Ndani ya trela kiliziba dirisha, kikaegemeza uzito wake wote ubavu mmoja, na kila asubuhi godoro na mablanketi yalihitaji kufungwa mshipi kama mateka kabla hakijakubali kusimama.

Hapo ndipo nilipoanza kutazama juu. Kiwandani tulikuwa tukifunga, katika matrela yanayobebea pikipiki, vitanda vinavyopanda hadi darini kwa mota ili pikipiki ziingie chini yake, na bei yake ilikuwa ya kukatisha tamaa. Lakini kitu kilichonishughulisha hakikuwa mota bali ile sakafu iliyobaki wazi kabisa kitanda kikishapanda. Nikajiambia kwamba mtoto wa Malindi, aliyecheza Funguni wakati wa kaskazi majahazi yakiwa yamejaa bandarini, hahitaji mota ili kuinua kitu. Tuliwaona mabaharia wakiivuta jarari, ikipita katika abedari na gofia, na henza nayo ikiipandisha foromali, gogo la mti lililozidi urefu wa nyumba, hadi karibu na kilele cha mlingoti, kwa nguvu za mikono na wimbo. Kitanda changu, pamoja na godoro, hakikuzidi ratli 110. Nikafunga roda nne darini, moja kila pembe, kamba nne nikazikusanya mahali pamoja, tukavuta.

Kilipanda, lakini kilipanda kwa inda. Kila mara pembe moja ilitangulia na nyingine ikasita, na kilipokwisha kwenda mrama kikajibana baina ya kuta mbili, na hapo kadiri mtu alivyovuta ndivyo kilivyozidi kujikaza. Kamba ya nailoni nayo hunyooka ikibeba mzigo, na hainyooki sawasawa, hasa iliyo ndefu kuliko wenziwe; usiku kitanda kilichofungwa sambamba kilionekana asubuhi kimeinamisha mchago. Nilikaa sana nikifikiri kwa nini tadbiri iliyotosha chombo cha kwenda Maskati isitoshe kitanda cha watu wawili, na jawabu lilipokuja lilikuwa sahali mno: foromali huning'inia kwenye henza moja, na upande mmoja ukitangulia mwingine hakuna alalamikaye, maana kukaa mshazari ndiyo desturi yake, na tanga halipati upepo vinginevyo. Kitanda kina pembe nne, na kila pembe inadai haki sawa na wenziwe. Kuinua ratli 110 si kazi kwa mtu mzima. Kazi ni kuzifanya pembe nne zikubaliane.

Tangu siku hiyo nikaacha kushughulika na nguvu nikashughulika na makubaliano. Katika Elkhart yapo maghala yanayouza mabaki ya viwandani, vitu vilivyozidi mahitaji au vilivyokwaruzika, na mtu mwenye subira hupata humo kila kitu isipokuwa kile alichokwenda kukitafuta. Nilipata bomba la chuma, vishikio vyake vyenye gololi, na winchi ndogo ya mkono yenye gia ya parafujo, ambayo fadhila yake kubwa ni kwamba mkono unaweza kuuzungusha mzigo lakini mzigo hauwezi kuuzungusha mkono, hivyo ukiiacha katikati ya safari kitanda hukaa palepale bila kufuli wala breki. Bomba nikalilaza chini ya dari kwa urefu, na badala ya kamba nikatumia mikanda bapa ya nailoni, minne, yote ikijiviringisha juu ya bomba hilo moja.

Ubapa wa mkanda ndio uliobadilisha mambo. Kamba ya mviringo ikijiviringisha hukaa popote ipendapo. Duru moja hulala ubavuni mwa nyingine, duru ya pili hupanda mgongoni mwa mwenziwe, na palipopanda bomba huwa nene, na pembe ile hukimbia. Mkanda hauna hiari hiyo. Hujilalia juu yake wenyewe, tabaka juu ya tabaka, na ijapokuwa kitanda huongeza mwendo kidogo kila kinapokaribia juu, kwa kuwa bomba limenenepa, huongeza mwendo kwa pembe zote nne kwa kadiri moja. Ukisimama chini yake na kutazama ukingo wa mfumbati ukiupita mstari wa kalamu nilioupiga ukutani, huwezi kusema ni upande upi uliofika kwanza.

Yalibaki mambo mawili, na yote mawili yalihusu usalama. Dari la trela la mizigo hushikwa na mbavu za bati jembamba ambazo kazi yake ni kuzuia mvua, wala hazikukusudiwa kutundikiwa kitu. Basi uzito wote niliushusha sakafuni kwa nguzo nne za chuma zenye mfereji, zikasimama pembeni, na ndani ya mifereji hiyo kitanda kikateleza kwa vipande vya nailoni ngumu, vilivyoachiwa uwazi mdogo kila upande, kwani kitu kilichobanwa sana hukwama kwa mtikisiko wa kwanza. Kisha kila nguzo nikaitoboa kwa kekee matundu ya kupitisha pini nene, na ikawa kanuni isiyovunjwa kwamba mikanda ni ya kuinua tu: mtu akilala, au trela likisafiri, kitanda hukaa juu ya pini. Mzee mmoja kiwandani, Mmarekani aliyekuwa akinicheka kwa upole muda wote huo, alinikumbusha msafara wa Wally Byam, muundaji wa matrela ya Airstream, ambaye mwaka 1959 aliongoza matrela arubaini na ushei kutoka Cape Town, wakafika Cairo mwaka uliofuata kwa kupitia Ethiopia, akaniuliza kama kitanda changu kingestahimili barabara zile. Nikamwambia kwamba mimi nimetoka huko huko kwenye barabara zile, na ndiyo maana nimeweka pini.

Jambo ambalo sikulitarajia lilitokea baada ya kitanda kukamilika. Nilikuwa nimekikusudia kiwe na vituo viwili, chini usiku na juu mchana, na kikiwa juu kilibakisha kimo cha futi 5 na inchi 7, ambacho kwa mtu wa umbo langu kinatosha kusimama katika sala bila kuinama. Lakini matundu ya nguzo yalikuwa mengi, na wajukuu walipoanza kufuatana nasi mke wangu alizungusha mkono hadi kitanda kikasimama usawa wa kifua, akatia pini, akatandika chini yake magodoro mawili membamba, na tangu usiku huo tukawa wenye ghorofa. Wajukuu waliupenda mvungu ule kuliko hema. Mvua ikinyesha mchana kitanda hupanda mpaka mwisho, mkeka hutandikwa, na chai ya tangawizi hunywewa chini ukutani, miguu imekunjwa kama inavyopasa. Na trela sasa huegeshwa vyovyote wapendavyo walinzi, kwa kuwa sakafu imekuwa pana kiasi cha kukielekea kibla hata kwa mshazari.

Mwanangu mkubwa, ambaye amesoma uhandisi na hupenda kunikosoa kwa adabu, alinitilia mota ya volti 12 mahali pa mkono wa winchi, pamoja na swichi za kukata umeme kitanda kikifika ukomo. Ilifanya kazi vyema kiangazi kizima. Niliirudishia mkono mwenyewe masika yaliyofuata, si kwa kuidharau elimu yake, bali kwa sababu mkono hutambua: shuka ikinaswa katika mfereji, au mtoto akisahau kikombe juu ya mfumbati, uzito hubadilika na kiganja hujua mara moja, ilhali mota huendelea kuvuta tu hadi kitu kikatike. Yeye anasema kwamba ipo dawa ya hilo pia, na sina shaka ipo.

Sasa ameunda trela lake, na ndani yake kitanda cha namna nyingine kabisa: hakuna mkanda wala bomba, bali parafujo ndefu nne zimesimama pembe nne, zimeunganishwa juu kwa mnyororo wa baiskeli ili zizunguke pamoja, na kitanda hupanda juu ya nati zake. Makubaliano ya pembe ni kamili, nakiri, kupita yangu. Ila kila mizunguko 10 huinua inchi 1 tu, na yeye anahitaji kuinua inchi 36, kwa hiyo hutumia drili ya umeme, na drili ile hupiga kelele za kuamsha kiwanja kizima. Tulipolala jirani naye mwaka jana, mke wangu alikuwa amekwisha kushusha chetu, ametandika na amezima taa, na kutoka trela la pili drili ilikuwa ingali ikiunguruma, akamwita dirishani, “Mwanangu, umefika inchi ya ngapi?” Akajibu kwamba amefika ya kumi na tisa, na kwamba anafikiria kubadilisha gia.