Pumzi Isiyohesabiwa

Kodeki ni programu ikunjayo sauti ipate kuhifadhika, kisha huikunjua isikike. MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kuacha sauti zidhaniwazo kulipita sikio, zilizoachwa hazirudi. FLAC huikunja sauti bila kuacha chembe, ingawa faili lake ni kubwa zaidi.

Ninazo kanda za marehemu bibi yangu akighani mashairi. Pumzi aivutayo baina ya ukwapi na utao haihesabiwi katika mizani, lakini sitaki mashine iamue kama yafaa kubaki. Nakala kuu nimeihifadhi kwa FLAC, itolewayo bure na Xiph.Org. Jamaa nawatumia MP3. Asiyeweza kuifungua FLAC kwenye kompyuta apakue VLC kwenye tovuti ya VideoLAN, imebeba kodeki zake.