Sauti Sita na Waya Mmoja

Habari ya kufariki kwa mtu aliyenifundisha kazi ilinifikia hapa Unguja muda si mrefu baada ya kustaafu kwangu, na tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ni nani, sisi tukisha kwisha, atakayeeleza namna kazi ile ilivyofanywa na watu walioiheshimu. Kwa asiyeijua yaonekana ni kazi ndogo: kuitoa sauti ya kidijitali ya mzunguko katika king'amuzi cha televisheni ya kebo na kuifikisha kamili masikioni mwa mwenye nyumba aliyeilipia. Nimeifanya katika jimbo la Ohio, nchini Marekani, kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu, nami sijapata kuiona kuwa ndogo hata siku moja.

Nilizaliwa Ng'ambo, na utoto wangu hauna ajabu ya kusimuliwa ila hii, kwamba nilikuwa mtoto wakati televisheni ya rangi ilipoanza Zanzibar mwaka 1973, na kwamba jioni, wenzangu walipokuwa wakikodolea macho picha, mimi nilikuwa nikisogea ubavuni mwa sanduku kutega sikio kwenye spika. Chuoni nilihitimu, skuli nikasoma, kisha nikaingia kwa fundi wa redio pale Darajani, ambaye alinitia mkononi koleo na chuma cha kulehemu na kunikanya nisishike waya ambao sijui unatoka wapi. Mambo ya safari, ya karatasi za uhamiaji na ya baridi ya kwanza nayaacha, maana wengi wameyaandika, na yangu hayakuzidi yao.

Mji wa Columbus, nilikofikia, una sehemu yake katika historia ya kebo. Televisheni ya waya ilianza Marekani mnamo mwaka 1948 katika miji midogo iliyokuwa haipati vyema mawimbi ya angani, lakini ni Columbus ambako mwaka 1977 kampuni ya Warner ilizindua Qube, mtambo uliomwezesha mtazamaji kubonyeza kitufe akaijibu studio kwa waya uleule uliomletea picha. Qube haikudumu, mafundi iliowalea walidumu, na mmoja wao ndiye aliyekuwa ustadhi wangu. Alikuwa Mmarekani mweusi, mrefu, mchache wa maneno, shemasi wa kanisa la Kibaptisti ambaye kila Jumapili ndiye aliyesimamia spika na maikrofoni za kwaya. Kwa hiyo kazini wadogo kwa wakubwa tulimwita Shemasi. Mimi ni Mwislamu, na uaminifu wa kazi niliojifunza kwake ni mwingi kuliko niliojifunza kwa wengi wa dini yangu, na nalisema hili kwa kuwa ni haki yake.

Msomaji na anivumilie nieleze kiini cha elimu yenyewe, kwa sababu ugomvi wote utakaofuata umesimama juu yake. Sauti inayoitwa Dolby Digital, iliyotoka katika maabara ya Ray Dolby na kusikika katika majumba ya sinema mwaka 1992, kisha ikakubaliwa kuwa sauti ya televisheni ya kidijitali ya Marekani, hubeba njia sita: kushoto, kulia, katikati, mbili za ubavuni, na moja ya mngurumo wa chini kwa ajili ya sabufa. Ajabu yake ni kuwa njia hizo sita, zikirushwa na kituo cha televisheni, aghalabu huchukua biti 384,000 kwa sekunde, ilhali sauti ya kawaida ya njia mbili isiyobanwa huchukua biti 1,536,000, yaani mara nne ya hizo. Waya wa sauti wa kidijitali utokao nyuma ya king'amuzi, uwe wa shaba au wa mwanga, ukipewa sauti iliyokwisha kufunguliwa hauwezi kubeba zaidi ya njia mbili. Ukipewa sauti ikiwa bado imebanwa hubeba zote sita bila taabu. Almuradi, king'amuzi ni tarishi aliyepewa barua yenye lakiri, na wajibu wake ni kuifikisha kwa amplifaya bila kuivunja, kwa maana amplifaya pekee ndiyo yenye spika za kuisomea.

Fundi asiyelijua hilo huondoka katika nyumba ya watu akidhani ameifanya kazi, na spika zote zinalia.

Nakumbuka nyumba moja ya bibi mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa amenunua amplifaya nzuri na spika za kutosha, na ambaye mara kwa mara alikuwa akilalamika kwamba hayasikii maneno ya waigizaji. Mafundi waliotutangulia walikuwa wamemwambia kuwa vyombo ni vizima na kwamba labda masikio yake ndiyo yaliyochoka. Shemasi hakugusa kitu. Alisimama mbele ya amplifaya akaisoma taa yake, nayo ilikuwa ikionyesha Pro Logic, maana yake inapokea njia mbili tu na kukisia zilizobaki. Ndipo alipopiga magoti, akavuta kabati taratibu, akamulika tochi, akaona nyaya mbili, mwekundu na mweupe, zilizotoka katika king'amuzi, na pembeni yake tundu la mwanga ambalo halikupata kuguswa tangu kutoka kiwandani. Alitoa waya wa mwanga mfukoni, akavua kofia ndogo za plastiki zilizofunika ncha zake (kofia hizo, kwa kuwa huwa angavu na hazionekani upesi, zimewaponza mafundi wengi), akachomeka upande wa king'amuzi, akaelekeza ncha ya pili kwenye kiganja chake mpaka nukta nyekundu ikatokea juu ya ngozi. Akachomeka upande wa pili, ikalia tik. Kisha akafungua orodha ya mipangilio ya king'amuzi, akaitoa sauti katika njia mbili akaiweka Dolby Digital, na baada ya kimya kifupi taa ya amplifaya ikabadilika.

Wengi hudhani uzuri wa sauti ya mzunguko ni mvua inyeshayo nyuma ya kiti au ndege ya vita ipitayo kichwani. Hayo ni mapambo. Jambo lenyewe ni spika ya katikati, kwa kuwa humo ndimo hukaa maneno ya watu, yakiwa yametengwa na muziki na vishindo, na yule bibi, ambaye mchezo wa kuigiza wa jioni ulikuwa ukiendelea mbele yake, alimshika Shemasi mkono akamwambia kwamba sasa anasikia wanachosema. Hatukuondoka kabla Shemasi hajamwandikia karatasi na kuibandika juu ya amplifaya, ikieleza kuwa rimoti ya king'amuzi haitapandisha wala kushusha tena sauti, kwa kuwa sauti iliyofungwa haiguswi njiani, na kwamba atumie rimoti ya amplifaya. Fundi asiyeiacha karatasi hiyo ataitwa tena kesho yake kuambiwa kwamba king'amuzi kimeharibika.

Kisha ikaja HDMI, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2002 na kuenea majumbani katika miaka iliyofuata, waya mmoja wenye kubeba picha na sauti pamoja. Nayo ni neema iliyotiwa mikononi mwa watu wenye haraka. Tukapewa amri kwamba waya wa king'amuzi uingie katika runinga, na kama mteja ana amplifaya basi avutiwe waya mwingine kutoka runinga kwenda huko, mradi dakika zilizopangwa zisipite. Shemasi alipinga kwa hoja ambayo hakuna aliyeijibu mpaka leo. HDMI inapounganishwa, chombo kinachopokea hukiarifu chombo kinachotuma uwezo wake. Basi runinga iliyokuwa na spika mbili aghalabu ilikiambia king'amuzi kwamba inafahamu njia mbili tu, nacho king'amuzi kikatii, kikaivunja lakiri, kikazichanganya sita zikawa mbili. Waya wowote utakaotoka kwenye runinga hiyo baadaye, ungawa wa thamani gani, unabeba mabaki.

Msimamizi wetu alimjibu kwa neno ambalo nimelichukia tangu siku ile: mteja hasikii tofauti. Mtu huyo hakupata kukaa sebuleni kwa yule mjane. Shemasi aliendelea kuvuta waya wa sauti moja kwa moja kutoka king'amuzi mpaka amplifaya, akilipa muda uliozidi kwa saa yake ya chakula cha mchana, na malipo yake yakawa barua ya onyo. Msimamizi alipanda cheo. Wateja waliokuwa wakipiga simu kumtaka Shemasi, na si mwingine, hawakuandikwa popote katika hesabu za ofisi.

Si kwamba nilikubaliana naye katika kila jambo. Yeye aliupenda waya wa shaba, ule wa omu 75, akisema hauvunjiki ukikunjwa nyuma ya kabati wala hauchomoki kwa kuguswa na ufagio, na hapo alisema kweli. Mimi nilisimama na bado nasimama upande wa waya wa mwanga, ambao Toshiba waliuleta mwaka 1983, kwa sababu moja isiyohusu uzuri wa sauti, maana biti zinazofika kwa njia hizi mbili ni zilezile, na auzaye waya wa dhahabu kwa kudai vinginevyo ni laghai. Sababu yangu ni mlio. Waya wa kebo uingiao nyumbani una ardhi yake huko nje, umeme una ardhi yake, na pale ardhi mbili zisipolingana, shaba ya sauti huwa daraja kati yake, na amplifaya ikaanza kuguna kwa hezi 60 mchana na usiku. Mwanga hauna shaba ya kupitishia mguno huo. Shemasi alinijibu daima kwamba dawa ni kuitengeneza ardhi, si kuikwepa. Jawabu hilo lamfaa mwenye ruhusa ya kuchimba. Sisi tulikuwa na ruhusa ya sebule tu.

Vijana wanaoshika kazi hii leo, huko na hapa kwetu, nawaona wakipanga spika za ubavuni juu kabisa katika pembe za dari ili zisiwasumbue, wakati zinatakiwa pembeni mwa msikilizaji, nyuma kidogo ya masikio yake. Nawaona wakiondoka bila kufungua orodha ya mipangilio. Nawaona wakikipima chombo kwa taarifa ya habari, ambayo pengine inarushwa kwa njia mbili, kisha wakaapa kwamba king'amuzi hakiwezi. Chukueni kituo kinachorusha sita kwa hakika, someni taa, na spika ya katikati izibwe kwa mkono mjue kama maneno yamo humo. Mwenye nyumba amelipa. Amelipia zote sita.

Mpwa wangu, ambaye ni fundi mjini Dar es Salaam, huniambia, "Mjomba, hayo yamepitwa, siku hizi runinga yenyewe inarudisha sauti kwa HDMI." Ni kweli kwamba njia hiyo ya kurudisha sauti ilikuja mwaka 2009, na kwamba iliyotangazwa mwaka 2017 ina upana wa kutosha na ziada, nami sikatai maendeleo. Lakini runinga bado inaulizwa kwanza, na bado zimo zinazojibu kwamba zinajua mbili. Nimemwambia kwamba akifunga kwa njia hiyo na taa ya amplifaya ikaonyesha sita, kazi yake ni halali. Na ikionyesha mbili, auchomoe waya wa king'amuzi kwenye runinga, autie katika amplifaya, na picha ndiyo itoke huko kwenda kwenye runinga. Bado tunabishana, na Shemasi hayupo wa kumuunga mkono yeye wala mimi, ingawa naijua kauli yake ingekuwa ipi.