Picha Moja, Vyumba Viwili

Mjomba wangu alifungua kibanda cha video Newala mjini enzi ambazo umeme ulikuwa wa kubahatisha. Jenereta lilinguruma nyuma ya ukuta, ndani kulikuwa na deki ya VHS, televisheni ya chogo na mabenchi ya mbao za mwembe. Chumba kikijaa, alitoa televisheni ya pili uani, akavuta waya wa antena kutoka nyuma ya deki mpaka chini ya mkorosho, akatafuta chaneli ya 36. Picha ikatokea. Watoto tulishangilia hata kabla ya kujua ni sinema gani.

Baadaye nilipojifunza ufundi ndipo nikaelewa. Deki ile ilikuwa na kirushio kidogo ndani yake. Ilipandisha picha na sauti kwenye mawimbi, waya ukayabeba, na televisheni ya uani ikayadaka jinsi inavyodaka stesheni yoyote. Waya huo ulivumilia umbali. Ungeuvusha ua mzima, picha ikafika na chenga kidogo tu, na kwa chenga zile hakuna aliyelalamika.

Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970. Sisi wa bara tulisubiri hadi 1994. Huku uwandani kwa Wamakonde, mbali na mitambo ya Dar es Salaam, picha ya kweli ilitushukia kwa ungo. Mjomba alinunua ungo mkubwa wa waya, na tarehe 31 Mei 2002 Newala nzima ilikuwa pale. Senegal walicheza na Ufaransa, mabingwa wa dunia, huko Seoul, na kwetu ilikuwa saa nane na nusu mchana. Ndani hakukuwa na pa kuweka mguu. Sisi wa uani tulitundika shuka kulizuia jua lisipige kioo, na Papa Bouba Diop alipofunga, kelele za ndani na za nje zililipuka kwa mpigo mmoja. Hilo nililishika moyoni toka siku ile: waya ule ulifanya watu wa pande mbili za ukuta wafurahi kwa wakati uleule.

Kisha zikaja zama za ving'amuzi. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na baada ya hapo mikoa ikafuata. Mimi nilikuwa Masasi, nafanya kazi kwenye karakana jirani na stendi. Wateja wa televisheni ya pili walikuwa wengi: mwenye hoteli anataka picha ifike ukumbi wa pili, mwenye nyumba anataka ifike chumbani. Ving'amuzi vingi vya bei nafuu havikuwa na lile tundu la kurushia kama deki ya mjomba, hivyo tuliunga waya za AV, ile ya njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti. Kwa televisheni za chogo zilitosha kabisa. Msimu wa 2014/15, Ndanda FC walipopanda Ligi Kuu, sikumbuki hata siku moja ya mechi yao niliyokaa bila kuitwa mahali kuunga waya.

Kilichobadilisha mambo ni korosho. Mwaka 2017 bei mnadani ilifika kama shilingi 4,000 kwa kilo, na malipo yalipoingia benki, malori yaliyopanda Newala yalileta bati, pikipiki na televisheni bapa. Hapo macho ya watu yakafunguka. Sebuleni kuna picha kali ya HD, mistari 1,080, unahesabu nyuzi za nyavu za goli. Chumbani, kwa waya wa njano usiobeba zaidi ya mistari 576, nyuso zimevimba na namba za jezi hazisomeki. King'amuzi ni kilekile, kifurushi ni kilekile. Watu walidhani wameuziwa televisheni mbovu, na ilinibidi nieleze nyumba baada ya nyumba kwamba tatizo ni njia inayopita picha.

Njia ya HD ni HDMI, na HDMI ni ya kudeka. Waya wa kawaida ukivuka mita kumi na tano hivi, picha huanza kukatika au kioo kinakuwa cheusi. Tena kuna kufuli. King'amuzi huuliza kwanza kila televisheni kama ina ufunguo wake, unaitwa HDCP, na pia inaweza kupokea mistari mingapi. Ukiweka spliti, kile kidude kidogo cha kugawa, televisheni mpya ya 1,080 ikiwa pamoja na ya zamani ya 720, mara nyingi zote mbili zitashushwa mpaka kiwango cha ile ndogo. Ndiyo maana fundi anayefahamu kazi huuliza habari za televisheni ya pili kabla hajafungua boksi.

Haya yote yalinihusu mwenyewe mama alipovunjika nyonga. Alilala nyumba ya uani, ng'ambo ya birika la maji ya mvua, na sebuleni hakuweza tena kufika. Mama ni mtu wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Anaisikiliza, anaijibu, anaibishia. Kumwacha peke yake na redio niliona ni kumtenga.

HDMI isingefika. Nikanunua jozi ya visanduku vinavyogeuza HDMI ipite kwenye waya wa mtandao, Cat6, ambao huvuka mita hamsini bila taabu. Nilikaa kizingitini kuukata. Ndani ya ganda kuna nyuzi nane zilizosokotwa mbilimbili. Unazifumua kwa kucha na kuzinyoosha, kisha unazipanga: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Unazikata zilingane, unazisukuma ndani ya kichwa cha plastiki mpaka kila shaba iguse mwisho, kisha unabana kwa koleo. Upande wa pili ni mpangilio uleule. Waya nikauzika ndani ya bomba kwa ajili ya panya na majembe, na nikawasisitiza wa nyumbani wauchomoe pande zote mbili radi ikianza, maana masika ya Newala radi haina masihara na shaba iliyounganisha nyumba mbili huipitisha.

Visanduku vile vina jicho dogo linalorudisha amri za rimoti. Kwa hiyo rimoti ikahamia kwa mama.

"Mwanangu, hao wa sebuleni wanaona ninachoona mimi?"

"Kilekile, mama."

"Basi waambie wanyamaze, namsikiliza huyu waziri."

Siku hizi wapwa zangu wanataka kila chumba kiwe na chaneli yake. Inawezekana: LNB (kichwa cha ungo) ya matundu mawili, king'amuzi cha pili, na kifurushi cha pili kila mwezi. Wengine hawataki hata hilo, simu zinawatosha. Anayeniomba namfungia, ndiyo kazi yangu. Ila mwenye mgonjwa au mzee nyumbani nikimshauri, namwambia aanze na waya mmoja, picha moja, na rimoti aachiwe yule asiyeweza kutoka kitandani.