Ukuta wa Fundi wa Kinga

Kibanda cha fundi wa kinga karibu na soko la Kasongo kimebomolewa. Mahali pake pamejengwa chumba cha matofali cha kuuza vocha na kutuma pesa kwa simu, na wateja hawakosekani. Sina ugomvi na simu. Binti yangu aliye Kindu hunitumia pesa kwa njia hiyo hiyo. Kinachoniuma ni ukuta. Upande wa ndani, ukuta ule wa udongo ulikuwa umepigiliwa vibati vya kodi ya kinga tangu enzi za Wabelgiji, safu juu ya safu, na waliobomoa walivizoa pamoja na udongo wakaenda kuvimwaga. Nilipopata habari, msingi wa chumba kipya ulikuwa umekwisha kumwagwa.

Kwetu Maniema baiskeli ni kinga, na kila mwenye kinga alitakiwa kununua kibati kila mwaka. Kilikuwa kipande chembamba kimegongwa mwaka na jina la nchi, kikafungwa kwenye fremu mahali ambapo polisi angekiona bila kuinama. Mwaka ukiisha, kinafunguliwa na kipya kinafungwa. Watu walimwendea Fundi awafungulie, kwa kuwa kutu ilikuwa imekwisha kushika parafujo, naye alikuwa na vifaa na subira. Kile cha zamani aliomba abaki nacho. Akikipata, anatafuta msumari, anakigongelea ukutani pale pale mwenyewe angali amesimama.

Sote tulimwita Fundi tu, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mikubwa kupita mwili wake, kofia ya kufuma kichwani mwaka mzima. Ukiingia kibandani mwake ulikutana kwanza na harufu: gundi ya viraka, mpira uliopashwa moto, jasho, na mafuta ya mawese aliyopaka minyororo wakati mafuta ya mashine yalipokosekana, yaani karibu wakati wote. Mpaka leo nikisikia harufu ya mawese yaliyokaa juani nakumbuka beseni lake la maji. Alizamisha mpira ndani ya beseni, akauzungusha polepole huku ameukamata kwa vidole viwili, na sote tulinyamaza tukitazama mahali povu litakapotokea. Likitokea, aliweka alama kwa njiti ya kiberiti, akaupangusa mpira kwa shati lake, akausugua kwa kipande cha bati alichokitoboa kwa msumari mpaka kikawa na meno. Kisha gundi. Kisha kungoja. Alikuwa mkali juu ya kungoja. Mteja akimharakisha, Fundi alimkabidhi mpira na gundi amalizie mwenyewe.

Katika kungoja huko ndipo mazungumzo yalipofanyika. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nina kinga ya zamani iliyotoboka kila wiki, na naweza kusema kwamba mengi ninayoyajua juu ya mji huu niliyapata nimekaa juu ya kreti la bia lililopinduliwa, nikingoja gundi ikauke.

Fundi alijivunia kuwa mtu wa Kasongo hasa. Alipenda kusimulia Tongoni, Kasongo ile ya kwanza ya Tippu Tip, ambayo leo ni magofu na miembe. Alisimulia nyumba zenye mabafu, mashamba ya mpunga, michungwa. Nilidhani anaongeza chumvi, mpaka nilipokuja kusoma kwamba Hinde, daktari Mwingereza aliyeingia na jeshi la Wabelgiji chini ya Dhanis tarehe 22 Aprili 1893, alieleza mambo hayo hayo: magodoro ya hariri, sukari, mishumaa, bustani. Fundi hakujali tarehe. Kwake yeye mji ulikuwa umekwisha kuwa mji kabla Mbelgiji hajafika, na hilo ndilo alilotaka tulijue. Nilimheshimu kwa hilo na bado namheshimu. Watu waliofundishwa kwamba walianza kuishi siku bendera ya mgeni ilipopandishwa wanahitaji mtu wa kuwaambia vinginevyo.

Lakini mama yangu alitoka Kabambare, kwenye vilima vya Bubuyu, na yeye alikuwa na hadithi nyingine ya njia ile ile. Kabambare ilikuwa kituo cha misafara ya pembe na watumwa kati ya Ujiji na Nyangwe. Livingstone alikaa hapo miezi mingi akiugua, kabla hajafika Nyangwe mwaka 1871 na kuona watu wakipigwa risasi sokoni. Kwa ndugu za mama, njia haikuwa ya michungwa. Aliyesikia bunduki alikimbilia msituni na watoto, na aliyechelewa alifungwa pamoja na wengine akabebeshwa pembe. Bibi yangu hakuwahi kutembea katikati ya njia mpaka kufa kwake. Alitembea pembeni, kwenye majani, hata kama mwituni hamna mtu, hata miaka hamsini baada ya misafara kwisha.

Siku moja nilimweleza Fundi hayo. Alikuwa anapiga pampu. Aliendelea kupiga mpaka gurudumu likajaa, akalibonyeza kwa kidole gumba, kisha akasema, "Basi mama yako na babu yangu walikuwa kwenye njia moja, ila wangwana wa kwetu walikuwa wameshika kamba upande huu." Tangu siku ile hakusimulia tena Tongoni mbele yangu bila kutaja watu waliofungwa. Wazee wachache sana wa hapa wana ujasiri huo.

Juu kabisa ya ukuta ndipo vilipokuwa vibati vya Kongo ya Wabelgiji. Kuna maneno nayasikia mpaka kwenye misiba, na kila mara yananikera: kwamba wakati wa Wabelgiji njia ilikuwa safi, gari lilitoka Kasongo asubuhi likafika Kabambare siku hiyo hiyo. Ni kweli, njia ilikuwa safi. Ilifyekwa majani yake na wanaume wa vijiji vilivyopangwa kandokando kwa amri, watu waliohamishwa kutoka mashamba ya babu zao ili wawe karibu na kodi na karibu na kazi. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alilima pamba, zao lililoanza kulazimishwa Maniema mwaka 1917. Sheria ya 1933 ilimdai siku 60 za kazi kwa mwaka, na wakati wa vita vya pili vya dunia zikapandishwa hadi 120. Kapita, yaani msimamizi, alipita kuhesabu mistari ya mimea. Na baba huyo huyo aliyeilima njia hakuruhusiwa kuifuata atakavyo, kwa kuwa kukaa nje ya usefu wake zaidi ya siku 30 kulihitaji karatasi ya ruhusa, na karatasi ilitolewa kwa anayependeza.

Alinunua kinga kwa pesa ya pamba. Nakumbuka alivyokifunga kibati, kwa uangalifu, kama mtu anayevaa saa. Kinga ilikuwa yake na njia ameilima yeye, lakini safari ilikuwa ya Bulamatari, yaani serikali ya Wabelgiji. Sijui kwa nini wana wa watu kama hao wanakaa leo wakisema kwamba tulikuwa na raha.

Baada ya safu za Kongo ya Wabelgiji zilikuja chache za jamhuri, halafu pakawa na nafasi tupu ukutani, ukubwa wa viganja viwili. Mambo ya maasi ya 1964 msomaji anayajua na sina haja ya kuyarudia. Ninachosema ni kwamba Fundi aliacha nafasi hiyo makusudi, wala hakuruhusu mtu kupigilia kitu pale, hata kalenda. Hakuna aliyedaiwa kodi miaka ile. Hakuna aliyeombwa karatasi. Na hakuna aliyesafiri. Majani yalifunika njia ya Kabambare, watu wakalala porini pamoja na nyani. Tulikuwa tumeahidiwa kwamba siku wanaotuzuia wakiondoka tutakuwa huru, nao walikuwa wameondoka, na sisi tulikuwa tunaogopa moshi wa jiko letu wenyewe usionekane.

Vibati vya Zaire ndivyo nilivyovijua vizuri zaidi, maana vingine vilikuwa vyangu. Mwanzoni mwa miaka ya 70 dini yetu ilitambuliwa rasmi na serikali. Asiyekuwapo hawezi kujua lilikuwa jambo gani kwa Kasongo. Wabelgiji walikuwa wameutazama Uislamu kwa jicho la shaka, walimu wetu walifuatwafuatwa, na mtoto aliyetaka kusoma alijikuta kwenye shule ya misheni ambako ubatizo ulimngojea mlangoni. Wazee walilia waziwazi. Fundi alifunga kibanda siku nzima, kitu ambacho hakuwahi kufanya isipokuwa Idi.

Miaka hiyo hiyo, serikali hiyo hiyo ilitufunga midomo. Salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, nyimbo za kumsifu mkubwa, kadi ya chama ambayo kila mtu alizaliwa nayo. Kibandani tulizungumza, lakini kwa utaratibu: akipita mtu asiyefahamika, Fundi aligonga rimu kwa nyundo, na sisi tukahamia kwenye habari za mvua. Nilikuwa huru kusali na sikuwa huru kunung'unika, vyote kwa pamoja, wala sikuona ajabu. Ndivyo mtu anavyozoea. Uhuru mmoja ukipanuliwa, macho yanahamia hapo, na ule unaobanwa hauonekani mpaka umekwisha banwa.

Novemba 1973 iliamriwa maduka ya wageni yagawiwe wananchi. Lilikuwamo moja mjini petu lililouza tairi, mipira, minyororo na gundi halisi. Aliyepewa aliuza vilivyokuwamo na hakuagiza vingine. Kuanzia hapo Fundi alianza kuziba matundu kwa utomvu wa mpira wa porini, na tairi zilizokwisha kabisa akazijaza majani yaliyosokotwa. Kinga zilitembea. Vibati viliendelea kuja miaka kadhaa, vyembamba zaidi na zaidi, halafu havikuja tena. Mwaka 1988 Maniema ikawa mkoa wenyewe, tukacheza ngoma. Halafu vita, halafu vita tena. Malori yalikuwa yamekwisha kufa, kwa hiyo mzigo wote wa kusini ya Maniema ulihamia kwenye kinga: mchele, mawese, chumvi, sabuni, hata wagonjwa, vijana wakisukuma kwa mguu zaidi ya kilomita 200 hadi Kindu. Fundi aliwatengenezea usiku kwa taa ya mawese. Alifariki amani ilipokwisha tiwa sahihi, na mwanawe hakuipenda kazi.

Sasa nina mjukuu mwenye pikipiki. Anabeba watu na bidhaa kutoka Kasongo kupitia Kabambare hadi Salamabila, kwenye dhahabu. Bariere ni nyingi: kamba, mti uliolazwa, wakati mwingine ni mtu tu na bunduki yake. Wengine wamevaa sare ya serikali na wengine hawana sare yoyote. Nilimwuliza, "Unamlipa nani?" Akajibu, "Ninalipa njia, babu." Hakusema kwa uchungu. Amekwisha ingiza pesa hiyo kwenye nauli, pamoja na esansi, na abiria nao wamekwisha izoea. Nilikasirika, na hasira yangu haikuwa juu yake. Amezaliwa ndani ya hayo. Lakini nilitaka aone anachofanyiwa. Baba yangu alipokonywa jasho na alijua jina la anayempokonya, na mwaka wa kodi, na kiasi. Mjukuu hajui hata moja kati ya hayo matatu.

Ndipo nikamweleza jambo moja lililotukuta kwenye njia ya Kabambare wakati wa Zaire. Tulikuwa na Fundi, tunatoka msibani, pamoja na watu wengine wenye kinga. Jandarma mmoja alitusimamisha akadai pesa ya kibati. Fundi akamwonyesha kibati chake cha mwaka ule. Jandarma akasema hicho ni cha Kasongo, hapa kuna kingine. Fundi hakubishana. Alishuka, akatoa ufunguo mfukoni, akakifungua kibati mbele yake, akamwekea mkononi, akamwomba amsomee jina la nchi lililogongwa pale. Jandarma hakusoma. Fundi akamwambia, kwa adabu, kwamba nchi hii ameilipa mwaka huu, na kama kuna nchi nyingine kuanzia hapa, aandikiwe risiti yenye jina lake. Waliokuwa nyuma wakaanza kushuka nao, kila mmoja akifungua cha kwake. Tulikaa pale muda mrefu, jua kali. Mwishowe alimrudishia Fundi kibati na kutupungia mkono tupite.

Mjukuu wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama jandarma huyo alikuwa na bunduki. Nikamjibu kwamba alikuwa nayo, begani, na kwamba sisi tulikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na kibati chake.