Ufunguo Ulio Ndani ya Pochi

Mama mwenye gari la kuwasha kwa kitufe anaweza kumaliza wiki nzima bila kuushika ufunguo. Upo tu ndani ya pochi. Gari lenyewe ndilo linaloutafuta: antena zake hutuma mawimbi ya redio yanayofika mita moja au mbili, ufunguo huyapokea na kujibu kwa namba ya siri. Jibu likitoka ndani ya gari, injini hukubali kuwaka. Gari haliulizi nani amebonyeza. Pochi ikibaki kwenye kiti, mtoto aliyezoea kumtazama mama akikanyaga breki na kubonyeza kitufe anaweza kuliwasha. Mama akishuka mara moja kununua mkate, ashuke na pochi yake. Na mwanawe pia.