Achanikaye Kwenye Mpini: Matembezi kwa Mafundi wa Mbao wa Eastlands

Kama wewe ni mkazi wa Buruburu, Umoja, Donholm au Kayole, bila shaka kila asubuhi hupita Barabara ya Jogoo ukielekea mjini, na jioni hurudi kwa njia iyo hiyo. Aghalabu jicho lako huwa kwenye saa na mkono kwenye mfuko. Leo ni Jumapili, na haraka hatuna. Hebu tushuke hapa karibu na Soko la Burma, tutembee kwa miguu kupitia Shauri Moyo, Gikomba, Pumwani hadi Kariokor. Tunamtafuta fundi, lakini si fundi yeyote tu. Tunamtaka yule anayeweza kukuchongea kitu cha mti kwa kipimo cha mwili wako wewe.

Wapo mafundi wengi wa kutengeneza meza, na meza haijui nani ataikalia. Kwa hiyo nimechagua kazi moja ngumu iwe mtihani wetu: kitako cha bunduki ya upepo.

Usishtuke. Bunduki ya upepo haitumii baruti. Husukuma kidonge kidogo cha madini kwa nguvu za hewa iliyobanwa, na kile cha mashindano kina kipenyo cha milimita 4.5 tu. Ni chombo cha michezo: shindano la bunduki ya upepo la mita 10 liliingia katika Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles, na kanuni zinasema bunduki isizidi uzito wa kilo 5.5. Siku hizi washindani wengi hutumia vitako vya aluminiamu vyenye skrubu za kurekebisha urefu. Lakini wapo wanaopenda mti bado, na wao hawanunui tu. Wao hupimwa, kama anavyopimwa mtu kwa fundi wa cherehani.

Na kabla hatujaenda mbali, neno moja kwa wazazi na wanafunzi. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haimruhusu mtu kuweka bunduki bila cheti, na kazi ya kutengeneza bunduki si ya kila mwenye patasi. Usifikiri kwamba kwa kuwa ni ya upepo basi ni mchezo wa watoto. Aliye na moja ya urithi nyumbani na aulize kwanza kituo cha polisi kabla ya kuibeba mtaani. Sisi leo tunabeba kipimo na maswali, basi.

MWILI NDIO KIPIMO

Kitako hakianzi kwa msumeno. Huanza kwa mwenye bunduki kukunja mkono wake, kiwiko kiwe pembe mraba. Umbali kutoka kwenye mkunjo wa kiwiko hadi kwenye pingili ya kwanza ya kidole cha shahada ndio mwanzo wa hesabu, kwa maana hapo ndipo bega na kifyatulio vitakapokutana. Baadaye hutazamwa shavu: likiegemea mbao, je, jicho liko sawa na mstari wa shabaha, au mtu analazimika kunyanyua shingo kama kuku anayekunywa maji? Mwisho huulizwa swali ambalo viwanda vingi husahau: mwenyewe anatumia mkono wa kulia, au ni wa shoto?

Kisha ndipo mti huchaguliwa. Wazee walituambia udongo tuuwahi ungali maji. Mbao ni kinyume chake: mbao haiwahiwi. Mafundi wengi wa nchi nyingi hukadiria kwamba ubao unaokaushwa kwa upepo kivulini huhitaji mwaka mzima kwa kila unene wa milimita 25. Ukichonga ubao mbichi, utajipinda ukiwa ukutani, na chuma kilichokaa vizuri Januari kitachezacheza Juni.

Baada ya kukauka, fundi hutazama nyuzi za mti. Pale kitako kinapokuwa chembamba, nyuma ya kifyatulio, mkono unaposhika, nyuzi ni lazima zipite moja kwa moja. Zikikatiza, kitako kitavunjika hapo hapo, kama mpini wa shoka uliochongwa kwa pupa.

Umbo huchorwa kwenye kadibodi, likahamishiwa kwenye ubao, likakatwa kwa msumeno. Halafu inakuja kazi inayomtoa fundi jasho: kuchimba nafasi ya kulaza mtambo wa chuma. Hapa hapana kubahatisha. Chuma hupakwa masizi, yale ya koroboi yanatosha kabisa, kikalazwa kwenye mbao na kuinuliwa. Palipoachwa alama nyeusi ndipo panapogusa, na ndipo patasi inapopunguza kidogo, unene wa karatasi. Chuma hupakwa tena, hulazwa tena, huinuliwa tena. Mara hamsini si ajabu. Bunduki ya upepo yenye springi hupiga teke mbele na nyuma, kwa hiyo mbao isiyoshika sawasawa hulegeza skrubu zake na mwishowe hupasuka.

Yaliyobaki ni tupa, msasa na subira. Mbao hulowanishwa kwa kitambaa ili nyuzi zisimame, ikakaushwa na kupigwa msasa upya. Mwisho hupakwa mafuta ya kitani, tabaka jembamba juu ya jembamba, kila moja likisubiri la kabla yake likauke.

Sasa, msomaji, mikono ya kazi kama hiyo Eastlands tutaipata wapi?

WALIOKWENDA VITANI NA MZIGO

Tuanzie mwisho wa safari yetu, Kariokor, kwa maana huko ndiko kisa kinakoanzia. Jina hilo lilitokana na neno la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, kwani hapo palikuwa na kambi yao wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918. Waingereza waliwachukua Waafrika kwa mamia ya maelfu kubeba vyakula na risasi kuwafuata Wajerumani hadi Tanganyika. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Ukipita Kenyatta Avenue utaziona sanamu za shaba za mwaka 1928 zilizowekwa kuwakumbuka Waafrika waliokuwa katika vita hivyo, na mmoja kati ya wale watatu ni mpagazi.

Miongoni mwa waliokwenda Tanganyika wakati huo alikuwa Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu katika Machakos. Inasimuliwa kwamba huko aliwaona Wazaramo wakichonga mpingo, akajifunza kwao, na aliporudi nyumbani akaanza kuchonga na kuuza. Jamaa na majirani waliiga. Kazi ikaenea kijiji hadi kijiji, ikafika Mombasa katika Changamwe, na ikafika hapa Nairobi, Pumwani, ambako Wakamba walijiunga katika ushirika wa kuchonga vinyago. Ndovu na twiga unaowaona kwenye maduka ya watalii, wengi wao ni wajukuu wa safari ile ya vita.

Hata Soko la Burma tulikoshukia lina jina la vita, vile vya pili, ambapo askari wetu walipelekwa kupigana na Wajapani. Mitaa hii imejengwa juu ya majina ya bunduki. Lakini kilichobaki mikononi mwa watu ni tezo na patasi.

Mtazame mchongaji wa Pumwani akiwa kazini. Hukaa chini, gogo amelibana kwa nyayo, tezo inashuka karibu na kidole gumba na haikigusi. Hana mchoro. Twiga yumo kichwani. Mtu huyo ukimpa umbo la bega na shavu, hashindwi. Upungufu wake, kwa mtihani wetu, ni kwamba twiga hahitaji kukaa sawa na chuma. Akizidi robo inchi hakuna atakayejua.

Usahihi wa aina hiyo tutautafuta Gikomba. Huko, nyuma ya milima ya mitumba, kuna mlio wa misumeno na harufu ya mbao tangu alfajiri. Wapo wanaounga makabati bila msumari, ulimi ukaingia kwenye tundu na kukaza. Na hatua chache kutoka hapo, Kamukunji, mafundi wa jua kali hufua vyuma kwa kelele isiyokoma: majembe, masanduku, majiko, mikokoteni. Pale chuma na mti hukutana kila siku. Jembe bila mpini ni kipande cha bati kizito, na mpini usiokaa sawa ndani ya jicho la jembe humchubua mkulima kabla ya jua kuwa kali. Wahenga walisema achanikaye kwenye mpini hafi njaa; nadhani hawakuwa na maana kwamba mpini wenyewe uchongwe vibaya.

Kwa hiyo jibu la mtihani wetu ni hili: ujuzi wote upo, ila umegawanyika katika mitaa mitatu. Pumwani wana umbo, Gikomba wana kiungo, Kamukunji wanajua chuma kinataka nini. Mwendo wa miguu kati yao hauzidi nusu saa.

MTI WENYEWE UKO WAPI?

Linalonitia wasiwasi si mikono. Ni mti, na ni mahali pa kuukalia.

Mpingo huchukua zaidi ya miaka 60 kukomaa. Muhugu, ambao wachongaji waliukimbilia mpingo ulipoadimika, nao hukua polepole, na misitu ya pwani na ya viungani mwa Nairobi ilikatwa sana kwa ajili yake. Ndiyo sababu leo wachongaji wengi hutumia jakaranda, mwembe na mwarobaini. Ukiuziwa kinyago cheusi kwa bei ya mpingo, kikwaruze kidogo chini: pengine weusi wake ni wa polishi ya viatu.

Kuhusu mbao za seremala, Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuliondoa katazo hilo, na suala likaishia mahakamani. Tusibishane hapa nani alikuwa na haki. Msitu ni chanzo cha maji tunayokunywa Nairobi. Tumaini naliona upande wa Ukambani kwenyewe, ambako wakulima hupanda mukau, mti wa nchi kavu unaokomaa kwa kiasi cha miaka 10 hadi 15 na kutoa mbao ngumu nyekundu inayolinganishwa na mahogani. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, imekuwa ikiboresha mbegu zake huko Kitui. Wamunyu iliyotuletea wachongaji inaweza kutuletea na mti.

Na mahali? Alfajiri ya tarehe 28 Juni 2018 moto ulizuka Gikomba, ukala vibanda vya mbao na nyumba za jirani. Watu wasiopungua 15 walikufa, wakiwamo watoto. Haukuwa moto wa kwanza sokoni hapo wala wa mwisho. Fundi wa mbao hukalia vumbi la randa, vanishi na nyaya za umeme za kuunganishwa ovyo, katika uchochoro ambao gari la zimamoto halipiti. Akiungua, haungui ubao tu. Huungua vile vipande alivyovianika miaka miwili akisubiri vikauke, na fundi aliyeunguliwa mara tatu hujifunza kutoweka akiba. Hununua ubao mbichi asubuhi na kuuza kiti jioni. Tunapolalamika kwamba kazi za siku hizi hazidumu, tukumbuke kwamba subira nayo inahitaji paa lisiloungua.

UKIENDA, ENDA HIVI

Si wengi wetu tutakaohitaji kitako cha bunduki maishani, na afadhali iwe hivyo. Lakini kila nyumba ina mtu anayehitaji kitu cha kipimo chake. Nyanya anahitaji mkongojo, na mkongojo mzuri, mtu akisimama wima na viatu vyake huku mkono ukining'inia, hufika kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ule wa dukani ni mmoja kwa warefu na wafupi. Mtoto wa shoto anahitaji dawati ambalo halimpindi mgongo. Baba mwenye shamba Matuu au Murang'a anahitaji mpini usiomchubua.

Basi mwende wawili: mwenye fedha na mwenye mwili. Muulize fundi ni mti gani, na umekauka tangu lini. Uliza kama ataupaka mafuta au rangi ya kuficha kasoro. Patana bei na tarehe, acha rubuni ya kununulia mbao, kisha usimpigie simu kila siku. Mpeleke na mwanao pia, aone kwamba ile hesabu ya pembe mraba aliyofundishwa darasani ina kazi yake Gikomba.

Na utamjuaje fundi wa kweli kati ya mamia watakaokuvuta mkono? Wengi watakutajia bei kabla hujafungua mdomo. Wewe endelea kutembea mpaka umpate yule anayemwambia nyanya, kabla ya neno lolote la fedha, "Hebu simama wima, mama, nikupime."